Mwulizeni Anayefagia Uwanja

Juma lililopita vijana wawili wa mtaani kwetu walikuja kunionyesha mashine waliyoipata Chunya. Ina kioo kidogo chenye namba, na inawaambia yenyewe: hapa dhahabu, hapa chuma, hapa takataka. Wakaniambia, "Babu, tumesikia na wewe ulikuwa na ya kwako enzi hizo. Tupe siri." Nilicheka mpaka nikakohoa. Siri gani? Nimetembeza mashine ya namna hiyo kwenye viwanja vya watu, Iringa na Mbeya, miaka ya hamsini, kabla baba zenu hawajajua kufunga vifungo vya kaptula, na utajiri wenyewe ndio huu mnaouona, bati lenye kutu na mbuzi mmoja mkorofi. Lakini niliwaahidi nitaandika, maana kuongea kunanichosha kifua. Basi someni. Mkichoka, nendeni mkanywe chai mrudi.

Yetu haikuwa na kioo. Ilikuwa mashine ya jeshi ya kutafutia mabomu ya ardhini: fimbo ndefu ya mbao, sahani ya duara kwenye ncha, sanduku la betri mgongoni, na vile vya kuvaa masikioni ambavyo siku hizi mnaviita hedifoni. Niliisomea vitani, huko Burma, mahali ambapo ukisikia vibaya hurudi kusimulia. Ukiiwasha, inavuma. Mvumo mwembamba usiokatika, mpaka unasahau kwamba unausikia. Sahani ikipita juu ya chuma, shaba au fedha, mvumo unapanda. Hapo mashine imemaliza kazi yake. Ni kitu gani kimelala pale chini, hilo utajaza mwenyewe kwa akili yako.

Mashine haikuwa mali yangu. Ilikuwa ya Mzee Shabani, mwenye duka la vitambaa pale Mshindo, Iringa mjini, mtu ambaye baba yake alipanda huku na misafara kutoka Bagamoyo akaoa akabaki. Jeshi lilipouza vitu vyake vikuukuu, wenzake walinunua mablanketi na mahema. Yeye akanunua ile mashine, kisha ndipo akaanza kuuliza nani anajua kuitumia. Alikuwa na hoja yake. Wakati wa vita ya Mjerumani, watu walikuwa wakikamatwa njiani kubebeshwa mizigo, na kila mwenye rupia aliifukia kabla ya kukimbilia porini. Wengine hawakurudi. Wengine walirudi wakakuta nyumba imeanguka na alama zimepotea. Rupia za fedha sonara alizinunua kwa mizani, na Wazungu wa mashambani walipenda zile zenye sura ya Kaisari, za kuweka kwenye kabati la vioo. Tulipatana na wenye viwanja kugawana nusu kwa nusu, tukaingia kazini.

Siku ya kwanza kabisa niliaibika. Kiwanja kilikuwa hapo hapo Iringa, na nilikwenda kiaskari: kaptula imenyooshwa, buti nyeusi zinang'aa. Nikawasha. Mashine ikalia. Nikachimba, hakuna kitu. Nikasogea hatua moja, ikalia tena. Nikachimba, hakuna kitu. Mpaka saa sita nilikuwa nimewalimia wenye nyumba shamba zima, nao wamesimama mlangoni wanashangaa utajiri wao ulivyo mwingi na usivyoonekana. Mzee Shabani alikuwa ameketi kwenye kigoda anakunywa kahawa. Akaniita taratibu, "Mwanangu, hebu inua mguu." Nikainua. "Hizo soli zina misumari mingapi?"

Tangu siku ile nilifanya kazi peku. Iringa ya mwezi wa saba, vijana, peku! Vidole vilikuwa vinakufa ganzi mpaka jua likolee. Lakini baridi ile ilinifundisha jambo ambalo buti lisingenifundisha kamwe. Udongo uliowahi kuchimbwa haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Upite mwaka, ipite miaka arobaini, mvua zinyeshe, ng'ombe wakanyage, mguu mtupu utakwambia hapa mtu alifungua akafunga. Unazama kidogo tu, kama unapokanyaga mkeka uliotandikwa juu ya mkeka mwingine. Mara nyingi unyayo wangu ulijua kabla ya sikio, na kila mara nywele za shingoni zilinisimama. Sikuwahi kuzoea.

Mengine ni ufundi wa mikono. Msumari hulia mkali na mwembamba, na ukiupitia kutoka upande mwingine sauti yake inabadilika. Sarafu hulia mviringo, mbele nyuma kulia kushoto, ile ile. Usichimbe kwa jembe, utaikata sura. Mimi nilichimba kwa mwiko wa mbao ambao mke wangu alinigombeza mwezi mzima kwa kuuchukua jikoni, na kabla ya mwiko nilipima kwa spoki ya baiskeli, polepole, mpaka iguse. Mwanamke mwenye bangili asimame mbali. Kitu kikiwa chini zaidi ya shubiri moja, usijisumbue, mashine ile haikifikii. Na jalalani usiende kabisa, utatoka na vifuniko vya makopo na fundo moyoni.

Kuna kanuni moja iliyokuwa ya Mzee Shabani mwenyewe. Hatukuwasha mashine kabla hajamwuliza mwenye nyumba swali lake. Aliuliza kwa adabu zake zote za pwani, baada ya habari za watoto na za mifugo: "Je, kuna kitu humu usichotaka tukione?" Watu walicheka. Wengine walinyamaza kidogo kisha wakacheka. Wawili watatu walisema samahani wazee, mje siku nyingine, na hatukuitwa tena. Nilidhani ni mbwembwe za mzee tu.

Mbeya ndiko nilikoanza kuliheshimu lile swali. Mji wa Mbeya wakati ule ulikuwa mchanga, cha wakati wa Mjerumani hukuti kitu, lakini walikuwa wamepita wachimbaji wengi wa dhahabu wakipanda na kushuka Chunya, na watu wa namna ile huangusha vitu. Tuliitwa kwa fundi cherehani mmoja Mnyakyusa aliyenunua nyumba iliyokuwa ikipangishwa kwa wachimbaji. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito, mlima huuoni, hata choo cha uani kinaonekana nusu. Mzee Shabani akauliza swali lake. Fundi akasema, "Mimi nina miaka miwili hapa. Cha kuficha nitakuwa nimekipata wapi?"

Nyuma ya choo mguu wangu ukazama. Nikapitisha sahani, sauti ikaja pana, nyingi, kama punje za chuma zilizopangwa. Nikachimba. Ikatoka buti moja. Ya mguu wa kushoto, imesimama wima, kisigino chini, kama ya mtu aliyesimama. Kamba zake zilikuwa zimefungwa mpaka juu, fundo mara mbili, fundo la mtu anayekwenda safari. Nikaingiza vidole. Ndani hamna kitu, hata soksi. Tukatazamana. Buti huwezi kuivua bila kuifungua kamba, na huwezi kuifunga namna ile bila mguu ndani.

Fundi alichuchumaa akaitazama muda mrefu. "Mwenyewe alikwenda wapi na mguu mmoja?" akauliza. Kisha akasema, "Rudisheni. Msimamishe hivyo hivyo. Akirudi asipoikuta ataniuliza mimi." Mzee Shabani alikuwa ameshaanza kusoma Fatiha. Nilipomaliza kufukia, fundi akatushika mikono akatushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga sana, wazee. Hela sitaki tena." Chai ilikuwa tayari mezani na hatukuinywa. Njia nzima ya kurudi Iringa, juu ya lori, nilisikia ule mvumo ingawa mashine ilikuwa imezimwa na kufungwa kwenye gunia.

Mnaweza kucheka, na mimi nacheka sasa. Lakini ninachotaka kuwaeleza kwa kweli ni kiwanja cha Bibi Agata.

Kilikuwa nje kidogo ya Iringa, njia ya kwenda misheni ya Tosamaganga. Aliyetuita ni mwanawe, Fidelis, dereva wa lori, kijana mwenye haraka ya mambo yote. Alikuwa anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Matofali yalikuwa yamepangwa, vigingi vimepigwa, kamba za msingi zimevutwa, na fundi alikuwa anakuja kesho yake kuanza kuchimba. Fidelis alituambia mama yake anakumbuka kwamba familia ilifukia fedha za Kijerumani mahali fulani pale, zamani, ilipokuwepo tembe ya babu. Tembe ni ile nyumba yetu ya Kihehe, ndefu, ya chini, yenye paa bapa la udongo. Ile ilikuwa imeanguka miaka mingi na mvua zimeisawazisha. Hata jiwe la kuonyesha ukuta ulipita wapi halikuwepo.

Mzee Shabani akauliza swali lake. Fidelis akacheka. "Hakuna, mzee. Ninyi tafuteni tu." Kisha akaondoka na lori kufuata mchanga, akituachia mama yake.

Pale uwanjani walikuwa wanawake wawili. Bibi Agata, mdogo wa umbo, rozari shingoni. Na mke mwenzake, Bibi Semeni, mrefu, miguuni amevaa nyaya za shaba za mtindo wa zamani, anaishi kwenye kijumba cha ng'ambo ya uwanja. Mume wao alikuwa amekwisha kufa. Nilipofika Bibi Semeni alikuwa anafagia. Nilimsalimu Kihehe, "Kamwene, bibi," akajibu "Kamwene" bila kuinua uso, akaendelea. Niliona pia kwamba wale wawili hawatazamani. Walikuwa wamezeeka uwanja mmoja wakisalimiana kwa lazima.

Bibi Agata akaniita jikoni, kana kwamba ananipa uji. Akafunga mlango nusu.

"Wewe ni mtoto wa Kihehe?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi nitakwambia. Ile hela hakuna. Mimi namtafuta mtoto."

Vijana, zamani kwetu mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno hakupelekwa makaburini, wala wanaume hawakuitwa. Mama yake alimzika mwenyewe, nyuma ya ukuta wa chumba chake, karibu, asione baridi. Na hakuliliwa. Kumlilia ilikuwa kumwita mwingine amfuate. Jambo lilifunikwa na udongo na mdomo ukafungwa, na asubuhi mwanamke anakwenda kisimani kama wengine.

"Alikuwa wa kwanza wangu," Bibi Agata alisema. "Kabla ya Fidelis, mbali sana kabla. Mwaka ule Mjerumani anakimbia. Nilimvalisha kiunoni senti ya Mjerumani, ile ya tundu, na shanga bluu huku na huku. Nilichimba kwa kipande cha jembe, sikuwa na nguvu, sikwenda chini. Sasa nyumba imeanguka, mimi sijui tena ukuta wangu ulikuwa wapi. Kesho Fidelis anachimba msingi. Naweza kulala ndani ya nyumba ile, ukuta uko juu ya tumbo la mtoto mchanga?" Akanishika mkono. "Fidelis hajui. Nikimwambia pasipo kujua pahala, atasema mama amezeeka. Nionyeshe pahala tu. Halafu nitasema na yeye."

Nilitoka jikoni. Nilimweleza Mzee Shabani kwa sauti ya chini, naye akavua kofia yake akaishika mapajani, akakaa hivyo siku nzima.

Jua lilikuwa limetoka lakini ukungu wa upande wa misheni ulikuwa bado umelala kwenye mahindi. Nikavaa vya masikioni, nikaanza kando ya kamba za msingi, peku. Nilipata msumari. Nilipata kipande cha sufuria. Bibi Agata alinifuata kwa mbali, mikono chini ya kaniki, na kila sauti ilipopanda alinitazama usoni akasimama. Nikasema, "Si yeye, bibi." Tukaendelea. Saa zikapita, na nilianza kuogopa kwamba kesho itafika.

Kitu kilichonisaidia sikukiona mpaka nilipochoka na kuinua macho. Mapito ya ufagio wa Bibi Semeni. Uwanja mzima ulikuwa umefagiwa kwa mistari iliyonyooka, safi kabisa, isipokuwa mahali pamoja ambapo mistari ilipinda, ikazunguka, ikaendelea mbele. Pale katikati pamebaki majani na vumbi, pakubwa kama ungo. Hapakuwa na jiwe wala kisiki. Nilijiuliza kwa nini, kisha nikafikiri ni macho ya bibi mzee. Lakini nilisogea upande ule, na hatua chache kabla ya kufika, mguu wangu ukazama.

Nikasimama. Nikashusha sahani. Sauti ikapanda, nyembamba, mviringo, kutoka pande zote ile ile. Sarafu. Lakini haikulia kama sarafu nyingine nilizowahi kuzisikia. Betri zilikuwa zimechoka, nadhani, na mvumo ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, ukikatika katikati. Nilivua vya masikioni nikageuka kutazama nani ameleta mtoto mchanga uwanjani. Hapakuwa na mtoto. Niliogopa vijana, mimi niliyetegua mabomu.

"Umesikia nini?" Bibi Agata aliuliza. Akanyoosha mikono, akavichukua vile vya masikioni, akavivaa juu ya kitambaa chake cha kichwa. Niliishika sahani pale pale isitikisike. Alisikiliza huku ameinamisha uso.

"Analia," alisema.

Sikumsahihisha. Hata leo sijui ningemsahihisha na nini.

Nikachimba kwa mwiko, kidogo kidogo, na haikuwa chini, mvua za miaka yote zilikuwa zimekwangua udongo wa juu. Ikatokea senti ya tundu, imekuwa ya kijani, na shanga ya bluu, na nyingine. Sikuendelea zaidi. Bibi Agata akaipangusa shanga moja kwa kidole, akairudisha, akafunika mwenyewe kwa viganja. Akakaa chini pale pale kama mtu aliyefika kutoka mbali.

Hapo lori la Fidelis likaingia. Aliruka chini, akaona udongo umefunguliwa, akaona uso wa mama yake, akadhani ni furaha. "Mmepata! Nilijua! Hizi zitakuwa zimepangwa kufuata ukuta, zipo nyingi. Endelea hapo mbele, bwana, endelea!" Akachukua jembe akatangulia, moja kwa moja kuelekea pale pasipofagiwa.

Ufagio ukamzuia kifuani. Bibi Semeni alikuwa amevuka uwanja bila mtu kumsikia. Akaenda akasimama juu ya yale majani, miguu pamoja.

"Hapa hapachimbwi," akasema.

"Mama, sogea, ni hela za familia."

"Nimesema hapachimbwi. Mnichimbe mimi kwanza."

Fidelis akanigeukia mimi nimsaidie. Nyuma yangu nikasikia Mzee Shabani anainuka kwenye kigoda chake. "Tumemwuliza mwenye nyumba," alisema polepole, kama anajisemea. "Hatukumwuliza anayefagia." Akasogea, kofia mkononi, akainama kwa bibi yule kama anavyoinamiwa mama mzazi. "Mama, utuwie radhi. Je, kuna kitu hapa usichotaka tukione?"

Bibi Semeni alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu.

"Yupo," alisema.

Bibi Agata akainua kichwa. Nadhani lilikuwa neno la kwanza kumwambia mwenzake kwa miaka mingi ambalo si salamu. "Semeni. Nani yupo?"

"Wangu. Nyuma ya chumba changu. Wewe ulikuwa umekwenda kwenu kuuguza mama yako. Uliporudi ulinikuta nafagia."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Fidelis akaliweka jembe chini. Bibi Agata akanionyesha kwa kidevu: pitisha. Sahani ikalia, lakini nikasema huenda ni zile nyaya za miguuni. Bibi Semeni akasogea kando, akaenda mbali, mpaka kwenye matofali. Nikapitisha tena. Ikalia. Mviringo, ile ile, sarafu ya tundu, hatukuichimba. Miaka yote ile bibi alikuwa amefagia uwanja mzima kila asubuhi, na kila asubuhi ufagio wake ulimzunguka mtoto asimwamshe. Hakusahau mahali hata ukuta ulipoanguka.

Hapo sasa tuliijua tembe. Chumba cha Agata hapa, cha Semeni pale, na ukuta wa nyuma ukapita katikati yao ukinyooka. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kuzima, lakini mashine ilikuwa bado mgongoni na miguu yangu ikaendelea kuufuata ule ukuta usiokuwepo, kupita chumba cha Semeni, kwenda mbele. Na mguu ukazama.

Sauti ilikuwa chini sana, ya kufifia, ya kale kuliko zile mbili. Nilivua vya masikioni nikasema, "Kuna mwingine."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Huko mbele kulikuwa na chumba kimoja tu kilichobaki, cha mwisho, chenye mlango wake. Bibi Agata akafika, akavaa vile vya masikioni, akasikiliza. Kisha akavivua, akamvalisha mwenzake kwa mikono yake mwenyewe, akamwekea vizuri juu ya masikio. Bibi Semeni akasikiliza.

"Chumba cha mama mkwe," alisema.

"Mimi alinichapa," Bibi Agata alisema. "Nilipolia. Alinichapa na mwiko wa ugali akaniambia asiye na meno haliliwi."

"Na mimi alinichapa."

"Kumbe na yeye."

"Kumbe na yeye," alisema Bibi Semeni.

Ndipo wakalia. Waliketi chini kwenye vumbi, mchana kweupe, wakashikana, wakalia kwa sauti ya msiba kama inavyotakiwa, mpaka majirani wakaanza kuja kuuliza nani amefariki. Fidelis alisimama mikono ikining'inia. Baadaye alikwenda kwenye vigingi vyake, akang'oa kimoja, akang'oa cha pili, akazungusha kamba kiganjani mpaka zikaisha. Nyumba aliijenga upande wa chini, mahali pa maji, imeipa barabara mgongo, na wapita njia walimcheka kwamba hajui kupanga nyumba.

Nilipita pale mwaka uliofuata, asubuhi. Walikuwa wanafagia wote wawili, mmoja huku mmoja kule, wanaongea. Katikati ya uwanja kulikuwa na ukanda mrefu wenye majani ambao ufagio haukuugusa.

Hiyo ndiyo siri mliyoitaka. Kioo chenu kitawaambia ni dhahabu au ni chuma, na hata mimi naona wivu. Lakini mkifika kwenye uwanja wa mtu, kabla ya kuwasha, mtafuteni yule mwenye ufagio, mumsalimie vizuri, mumwulize lile swali. Na akikaa kimya, zimeni mashine mngoje, kwa sababu huenda hajawahi kuulizwa.